Maswali ya wasomaji: Je, ninunue ukumbi wa Vienna kwa kompyuta yangu ya Kisumu?

SWALI: Mwalimu, shikamoo. Ninafundisha kwaya hapa Kisumu, na kwa miaka minne sasa nimekuwa nikipanga muziki wa okestra kwenye kompyuta: nyimbo za kuingilia maharusi, vitangulizi vya nyimbo za kwaya na, hivi karibuni, muziki wa filamu fupi kuhusu wavuvi wa Dunga. Natumia Reaper, programu ya kurekodia na kupangia muziki. Vayolini na selo nilizinunua kwa mtengenezaji mmoja, fluti na oboi kwa mwingine, na tarumbeta nilizipata bila malipo. Shida ni kwamba kila ninapomsikilizisha mtu kazi yangu, huisifu, kisha huniuliza ni kinanda gani nimetumia. Nimesoma kuhusu programu za riverbu, yaani mwangwi wa chumba, zilizobeba kumbi halisi za Ulaya, ambamo unaweza kuiweka kila ala mahali pake jukwaani, na ninaamini hicho ndicho ninachokosa. Bei yake ni sawa na malipo ya kazi zangu tatu za harusi, na kompyuta yangu ina gigabaiti 8 tu za RAM. Je, ninunue?
Mwalimu wa kwaya, Kisumu

JIBU: Marahaba, mwalimu mwenzangu. Jibu langu ni kwamba usinunue bado, na nitakueleza sababu zangu kwa kirefu, kwa kuwa malipo ya kazi tatu za harusi si pesa za kujaribia. Nakubali kwamba ukumbi unakosekana katika kazi yako. Ninalolitilia shaka ni kama programu hiyo ndiyo itakayouleta, kwa sauti ulizo nazo na kwa kompyuta uliyo nayo.

Tuanze na ukumbi wenyewe. Mwimbaji anapokata noti kanisani, sauti haifi papo hapo. Inaendelea kugonga kuta, sakafu na dari, na kila mgongano unaipunguza kidogo mpaka izimike. Muda ambao sauti huchukua kushuka kwa desibeli 60 ndio unaoitwa muda wa riverbu, na aliyetufundisha kuupima ni Wallace Clement Sabine, mwalimu wa fizikia katika Chuo Kikuu cha Harvard, Marekani, ambaye mwaka 1895 aliombwa kurekebisha ukumbi wa mihadhara ambamo maneno ya mhadhiri hayakuwa yakieleweka. Usiku, mji ulipotulia, alikuwa akiliza bomba la ogani, akisikiliza mpaka sauti izimike huku akihesabu muda, kisha akiongeza mito ya viti iliyoazimwa katika jumba jirani la maonyesho na kupima tena. Ukumbi ule ulipokuwa mtupu ulishikilia sauti kwa zaidi ya sekunde 5. Kanuni aliyoipata tunaitumia hadi leo: chukua ujazo wa chumba kwa mita za ujazo, uzidishe kwa 0.161, kisha ugawe kwa jumla ya eneo linalofyonza sauti.

Nenda na kanuni hiyo kanisani kwako. Tuseme kanisa lina urefu wa mita 30, upana wa mita 12 na kimo cha mita 8, yaani mita za ujazo 2,880, na kwamba Jumamosi, likiwa na waimbaji wachache tu, linashikilia sauti kwa sekunde 3. Hesabu inatuambia kwamba kuta, mabenchi na vyote vilivyomo vinafyonza sauti sawa na mita za mraba 155 hivi. Jumapili wanaingia watu 300, na kila mtu pamoja na nguo zake anafyonza karibu nusu ya mita moja ya mraba. Ufyonzaji unakaribia kuwa maradufu, na zile sekunde 3 zinashuka hadi 1.5 au 1.6. Ndiyo maana kwaya iliyonguruma Jumamosi husikika nyembamba Jumapili, ilhali hakuna aliyeimba vibaya. Kumbi zinazosifiwa zaidi kwa okestra, yaani Musikverein wa Vienna uliofunguliwa mwaka 1870, na Symphony Hall wa Boston, ambao Sabine alishauri ujenzi wake na ukafunguliwa mwaka 1900, hukaa karibu na sekunde 2 viti vikiwa vimejaa. Sekunde 2 basi ndizo unazozitafuta, na hata programu isiyolipiwa inaweza kukupa sekunde 2. Kinachouzwa kwa bei kubwa ni ile miakisi ya kwanza kabisa, yaani sauti inayorudi kutoka kutani, inayolifikia sikio kabla mkia wa mwangwi haujaanza, ambayo humwambia msikilizaji kwamba oboi imekaa nyuma ya vayolini na timpani iko nyuma ya wote.

Programu za riverbu ziko za namna mbili. Zipo zinazotengeneza mwangwi kwa hesabu tupu, njia iliyofunguliwa na Manfred Schroeder katika maabara za Bell mwanzoni mwa miaka ya 1960. Zipo pia zinazobeba ukumbi wa kweli: watu waliingia ukumbini, wakapiga mlio mkali au wakacheza sauti inayopanda polepole kutoka besi hadi juu kabisa, wakarekodi jinsi ukumbi ulivyoitikia, na sasa kompyuta huivisha kila noti yako mwitikio huo. Altiverb ya kampuni ya Audio Ease ya Uholanzi ni ya namna hii. MIR ya Vienna Symphonic Library, ambayo nadhani ndiyo unayoiwazia, inakwenda mbele zaidi, kwa kuwa ukumbi umepimwa kutoka sehemu nyingi za jukwaa, hivyo vayolini iliyo mbele kushoto hupata mwitikio wake na timpani wake. Ni kazi nzuri sana, nami naistahi. Lakini ilizaliwa kwa ajili ya sauti kavu, yaani zisizo na mwangwi wa chumba ndani yake. Kampuni hiyo ilirekodi ala zake za awali katika chumba kilichotulizwa mno, walichokiita Silent Stage, na sauti za namna hiyo ni lazima zitafutiwe ukumbi. Wengine walishika njia ya pili. Spitfire Audio ilirekodi nyingi za ala zake katika Lyndhurst Hall, London, jengo lililokuwa kanisa, na okestra ya BBC katika studio za Maida Vale. Anayenunua sauti hizo ananunua na chumba kilichomo ndani yake.

Kwa hiyo, kabla ya kuitazama bei tena, fanya jaribio hili leo usiku. Zima riverbu zote, hata ile iliyofichwa ndani ya programu ya ala yenyewe. Piga noti moja fupi ya vayolini, ya nguvu, kisha uinue kidole na usikilize kwa hedifoni. Noti ikikatika kama kijiti kilichovunjwa, sauti yako ni kavu. Ukisikia hewa inayobaki nyuma, ikififia kwa sekunde moja au zaidi, basi ukumbi umekwisha kuingia, na kuuweka ndani ya Musikverein ni kujenga kanisa ndani ya kanisa. Fanya vivyo hivyo kwa oboi na kwa zile tarumbeta za bure. Kwa jinsi ulivyozikusanya, natarajia utapata vyumba viwili au vitatu tofauti, na hilo peke yake linatosha kumfanya msikilizaji ahisi kwamba wapigaji hawakuwahi kukaa pamoja.

Nasema haya kwa uchungu wa mtu aliyelipa. Miaka kadhaa iliyopita nilitengeneza muziki wa zaburi kwa ajili ya ibada ya Pasaka katika kanisa moja hapa Nakuru, nikanunua programu ya kumbi halisi bila kuijaribu kwanza, kwa kuwa maelezo ya muuzaji hayakugusia hata kidogo sauti za aina gani zinaifaa. Vayolini zangu zilikuwa zimerekodiwa ukumbini tayari. Nikaziweka katika ukumbi wa pili, nikafurahi kwa hedifoni, na siku ya ibada zikatoka kwenye spika za kanisa la mawe lenye mwangwi wake wa sekunde 3. Kumbi tatu zikanguruma kwa pamoja. Waimbaji walikuwa wakitamka vizuri kabisa, lakini mama mmoja mzee wa safu ya mbele aliniuliza baadaye, kwa upole, zaburi ile ilikuwa imeimbwa kwa lugha gani. Alikuwa ameikariri zaburi hiyo tangu utoto wake. Jibu sikuwa nalo, na tangu siku hiyo sijapeleka muziki kanisani bila kuuliza kwanza jengo lenyewe linashikilia sauti kwa muda gani. Kwa wimbo wa maharusi utakaochezwa katika kanisa lenye mwangwi, upeleke ukiwa karibu kavu. Jengo litamaliza kazi.

Sasa nizungumzie kinanda, kwa sababu naamini nusu ya ugonjwa wako iko hapo, na riverbu haiutibu. Mtu anaposikia kinanda, mara nyingi anachokisikia ni noti zenye nguvu moja, zinazoanza kwa pamoja kwa usahihi usio wa kibinadamu, na ambazo hazikui wala kupungua zikishikiliwa. Mpiga vayolini huvuta upinde. Sauti huvimba katikati ya noti na kunywea mwishoni. Mpiga oboi hupumua. Katika MIDI, lugha ambayo kompyuta huziambia ala zake namna ya kupiga, mambo haya hutawaliwa zaidi na vidhibiti namba 1 na 11, na inakubidi uvichore au uvisogeze kwa mkono kwa kila sauti, siyo mara moja kwa okestra nzima. Wewe unaongoza kwaya, na unajua kwamba ukiwaacha soprano washikilie noti ndefu bila kuikuza, wimbo unakufa. Ile ishara ya mkono unayowapa, iandike kwenye kidhibiti. Chukua mistari minane ya muziki wa wavuvi, uifanyie kazi hiyo jioni mbili bila riverbu yoyote, kisha umsikilizishe yule yule aliyekuuliza habari za kinanda.

Baada ya hapo utaweza kujenga jukwaa kwa vitu ulivyo navyo. Reaper inakuja na ReaVerb, ambayo husoma mwitikio wa ukumbi wowote uliorekodiwa, na Chuo Kikuu cha York, Uingereza, kinatoa bila malipo, kupitia mkusanyo uitwao OpenAIR, miitikio ya majengo mengi, likiwamo kanisa kuu la York Minster. Dragonfly Reverb ni ya bure pia na ina sehemu ya ukumbi na sehemu ya miakisi ya kwanza peke yake. Ukitaka kulipa kidogo, ValhallaRoom imeuzwa kwa dola 50 kwa miaka mingi, na mimi ningeinunua kabla ya kufikiria kumbi za Vienna.

Usiweke riverbu juu ya kila ala. Tengeneza njia tatu za pamoja, ya mbele, ya kati na ya nyuma, na upeleke vayolini na selo ya mbele, fluti na oboi ya kati, tarumbeta na ngoma ya nyuma, zote zikichangia mkia mmoja wa sekunde 2. Kinachotofautisha njia hizo ni muda wa kungoja kabla mwangwi haujaanza. Sauti husafiri takriban mita 343 kwa sekunde, kwa hiyo kila mita moja huchukua karibu milisekunde 3. Mpigaji aliye karibu nawe, sauti yake hukufikia mapema sana kabla ya miakisi ya kuta, hivyo mpe milisekunde 25 au 30 za kungoja na mwangwi mchache. Aliye nyuma, sauti yake na miakisi yake hufika karibu pamoja. Mpe milisekunde 5 au usimpe kabisa, umwongezee mwangwi, na upunguze kidogo ukali wa sauti za juu, kama umbali unavyoupunguza. Wengi huvikosea hivi viwili kwa kuvigeuza, wakimpa wa nyuma muda mrefu wa kungoja kwa kudhani ndio umbali, na okestra inajikunja. Kwa zile ala ambazo tayari zina chumba, tumia maikrofoni za karibu kama mtengenezaji alizitoa, zima miakisi ya kwanza, na uchangie mkia tu. Kata besi kwenye njia ya riverbu yenyewe. Mafundi wa studio ya Abbey Road walizoea kuondoa kila kilicho chini ya Hezi 600 na juu ya Hezi 10,000 kabla ya kuingiza sauti kwenye mwangwi. Kwa okestra naona 600 ni kali mno, na huanza na 200.

Kuhusu kompyuta, sekunde 2 za ukumbi katika kiwango cha vipimo 48,000 kwa sekunde ni namba 96,000 kwa kila upande, na kila noti inapaswa kupitishwa katika zote. Watengenezaji wana mbinu za hesabu za kurahisisha kazi hiyo, lakini ukiwa na ala kumi na nne, kila moja na mwitikio wake, juu ya sampuli, yaani sauti za ala zilizorekodiwa, ambazo zimekwisha kujaza gigabaiti 8, mashine itakatakata sauti katikati ya kazi. Ungenunua programu, kisha ungelazimika kununua RAM ili programu ifanye kazi.

Fikiria pia anayesikiliza. Muziki wa harusi husambazwa kwa simu na kuchezwa ndani ya matatu ya kwenda Kondele, madirisha yakiwa wazi. Mkia wa mwangwi ndio sehemu dhaifu kuliko zote za sauti, na kelele za injini huufunika wote. Kinachobaki ni ukungu uliouweka juu ya melodia. Hiyo filamu ya Dunga ndiyo kazi yako pekee ambayo huenda ikachezwa katika chumba chenye giza na spika nzuri, na kwa ajili yake ningekushauri utumie sehemu ya pesa zako kwa hedifoni za studio zilizo wazi nyuma, au kwa mapazia mazito na magodoro ya kuzungushia pembe unayofanyia kazi. Chumba kidogo cha mawe chenye sakafu ya saruji kinakuongezea mwangwi wake masikioni, nawe unapunguza riverbu kwenye kazi bila kujua, au unaongeza, kutegemea umekaa wapi.

Nitabadili jibu langu siku ukiniambia mambo mawili: kwamba umepata seti kamili ya ala kavu, na kwamba kuna mtu anayekulipa kwa kazi za filamu zaidi ya mara moja kwa mwaka. Hapo MIR itakurudishia pesa zako, kwa sababu itakupunguzia saa nyingi za kupanga jukwaa kwa mkono kama nilivyoeleza. Hata wakati huo, omba muda wa majaribio, weka ndani yake muziki wako mwenyewe na siyo mfano wa muuzaji, na ngoja mwisho wa Novemba, ambapo watengenezaji wengi hushusha bei.

SWALI: Mwalimu, katika parokia yetu karibu na Kakamega kuna kanisa la zamani lenye mwangwi ninaoupenda kuliko wowote. Je, ninaweza kuuchukua nikautumia kwenye kompyuta bila vifaa vya ghali?
Mpiga kinanda, Kakamega

JIBU: Unaweza, na ningependa wengi wafanye hivyo, kwa sababu sioni kwa nini muziki wetu uvikwe majengo ya Ulaya peke yake. Omba ruhusa kwa padre, na uende asubuhi mapema. Kwenu mvua hupenda kunyesha alasiri, na mabati yakianza kupigwa hakuna kipimo tena. Bodaboda nazo huwa bado chache. Kinasa sauti chenye maikrofoni mbili kinatosha. Kiweke juu ya kigoda katikati ya kanisa, mita 8 hivi kutoka altareni, kimo cha kichwa cha mtu aliyeketi, na urekodi faili ya WAV ya biti 24. Msaidizi wako asimame mahali kwaya inaposimama na kupasua puto kubwa lililojazwa vizuri, akilinyoosha mbali na mwili wake. Pasueni sita au saba, kwa sababu moja litaharibiwa na mbayuwayu walio darini na jingine na mlango.

Puto lina upungufu mmoja: besi yake ni dhaifu, na hailingani mara mbili. Ukiweza kubeba spika nzuri na kompyuta, programu ya bure ya Room EQ Wizard itacheza ile sauti inayopanda, itapima, na kukutolea mwitikio wa kanisa ukiwa tayari kuingia ReaVerb. Pimia kutoka upande wa kushoto wa kwaya, katikati, na kulia, ili upate sehemu tatu za jukwaa.

Nyumbani, kata ukimya ulio kabla ya mlio, lakini mwisho wa faili usiukate kwa haraka. Hakikisha mkono wako haukuzima kinasa mara tu puto lilipopasuka. Hesabu hadi kumi ukiwa umesimama tuli, viatu visisogee kwenye sakafu, ndipo ukizime.